Vita vya Tandiko na Linta

Sogeeni, enyi watu wa pedali na enyi watu wa pistoni. Nanyi mwendao kwa miguu msikae mbali, habari hii itawafaa hata ninyi. Zimeni redio, wekeni vikombe chini, maana nataka kunena juu ya asubuhi ambayo mlango wa gereji ulisimama kumpinga mwanamume, na mwanamume akasimama kuupinga mlango, na baina yao likabanwa tandiko la ngozi la baba mkwe. Ewe ulimi wangu, usiteleze. Nawe pumzi, usinikatikie njiani.

Alikuwapo Mpima Macho, bwana wa miguu mifupi na ndoto ndefu, ambaye kazi yake ilikuwa kuwauliza wenzake herufi ya chini kabisa ni ipi, na kuwavika miwani waliposhindwa kuitaja. Mchana aliyapima macho ya watu, na jioni aliishi katika gereji yake. Na gereji gani ile! Sakafu ya vigae vyeusi na vyeupe. Spana zimetundikwa ukutani, kila moja juu ya kivuli chake kilichochorwa kwa rangi. Taa isiyomwachia vumbi pa kujificha. Humo lililala gari la zamani, rangi ya damu ya mzee, alilolifufua kwa mikono yake mwenyewe na kuling'arisha hata majirani wakawa wanakuja kujitazama vitambi ubavuni mwake.

Siku za ujenzi, mkewe, mwalimu wa chekechea mwenye sauti ya kukalisha darasa zima, alimwambia aiinue kidogo linta, ule mhimili wa zege ukaao juu ya mlango. Shujaa akajibu kwamba mlango mrefu huharibu sura ya gereji. Mkewe akanyamaza, ule unyamazaji ambao kila aliyeoa anaujua.

Na baba wa mke huyo alikuwa Mpima Ardhi, mstaafu mrefu wa miguu na mfupi wa maneno. Miaka mingi alimwona mkwewe kuwa mtu wa kukalia viti laini. "Anayeketi akapelekwa," alizoea kusema, "hajaenda popote. Kapelekwa tu." Akamwita Bwana Injini, na salamu zao ziliisha kabla ya kuanza. Hata ikawa siku moja daktari akakitazama kitambi cha shujaa akatikisa kichwa, na shujaa akanunua baiskeli ya mbio; na juu ya kilima cha kwanza, ulimi nje, akapitwa na mzee aliyekuwa akipiga mluzi. Ni baba mkwe! Tangu hapo wakapatana barabarani. Kila Jumamosi walitoka pamoja, mmoja akitangulia kumkatia mwenzake upepo, wakibishana juu ya gia na milima mpaka jasho liwakaukie.

Lakini baiskeli ya mzee hakuna aliyeigusa. Chuma cha buluu, matairi membamba, na tandiko la ngozi lililokwisha shika umbo la mwenyewe. Urefu wa tandiko hilo aliupima kwa utepe wa kazini kwake, akakaza bolti, na halikusogezwa tena. "Likishuka upana wa ukucha," alionya, "goti litajua kabla ya kichwa."

Jumamosi ya vita walikuwa wamekwenda milima ya mbali, baiskeli zote mbili zikiwa juu ya keria, kwenye paa la gari. Waliporudi, manyunyu yakaanza. Langoni mzee akashuka, akasema, "Leo nataka niione hiyo gereji yako. Baiskeli yangu iingize wewe mwenyewe, isilowe." Kisha akaingia nyumbani kunywa chai.

Loo! Amekabidhiwa! Moyo wa Mpima Macho ukavimba mpaka mkanda wa gari ukambana. Na hapo ndipo lilipomnasa kosa ambalo haliwanasi ila waume wapendao magari na baiskeli kwa pamoja: alipoushika usukani, akasahau alichokibeba kichwani. Yeye auonaye ukungu katika mboni ya mtu asikione alichokipandisha kwa mikono yake! Akakanyaga mafuta kwa madaha, akaingia.

Baiskeli yake mwenyewe ilipita salama, kwa kuwa tandiko lake lilikuwa chini kama miguu yake. Na ile ya mzee, usukani wake ulioinama ukapita. Kisha ikasikika: ngwiiii. Tandiko limebanwa chini ya linta, keria inalia, gari nusu ndani nusu nje. Kulisukuma gari mbele ni kulipasua tandiko; kulivuta nyuma ni kulichuna.

Shujaa akashuka, akainua mikono. "Ewe Linta, mwana wa saruji na kokoto! Nimekukosea nini? Nilikupaka rangi mara mbili, nawe waniumbua mbele ya mkwe wangu?"

Linta haikujibu. Aliyejibu ni mkewe, aliyetokea mlangoni. "Unaongea na nani?" Akaona. Akaitazama linta, akamtazama mumewe, akairudia linta.

"Baba yuko wapi?" akauliza shujaa.

"Anamalizia chai. Anatafuta kitambaa aje aifute baiskeli yake."

Mpima Macho akaanza kwenda huku na huku.

"Sasa unahangaika nini?" akasema mkewe. "Si ulegeze hiyo bolti, kiti kishuke, utoe gari, ukirudishe? Hata hatajua."

Ndipo shujaa akasimama wima, kadiri alivyojaliwa, akanena: "Mke wangu, niambie niuze gari hili, nitalia, lakini nitauza. Tandiko la baba yako silishushi! Goti lake litajua. Na lisipojua, nitajua mimi. Kila Jumamosi nitakuwa nyuma yake, nalitazama, najijua kuwa mwongo. Mzee huyu hajawahi kunikabidhi hata kijiko. Leo kanikabidhi, nianze kwa kumdanganya?"

Mkewe akalainika uso, maana alimpenda sana alipokuwa hivyo. "Basi shusha gari."

"Gari halina bolti ya kushushia."

"Lina upepo."

Akayatazama matairi yake, yenye pete nyeupe aliyoipiga brashi kila juma, ambayo tangu ayamiliki hayajawahi kulegea. Kuyatoa upepo kwa makusudi ilikuwa kama kumvua mtu mzima shati sokoni. Akasita. Kisha akapiga magoti kwenye gurudumu la kwanza, akanong'ona, "Nisamehe, kipenzi changu."

"Bee," mkewe akaitika.

"Si wewe."

Fssss! Lilianguka la mbele, likafuata la pili, na ya nyuma yakasalimu amri kwa zamu. Gari likazama juu ya tumbo lake, lakini ngozi bado iligusa zege.

"Panda kwenye buti," akaamuru shujaa. "Unahitajika uzito."

"Hebu rudia hilo neno."

"Inahitajika... hekima yako, ikae kule nyuma."

Akapanda, akaketi kwa heshima zote, amekumbatia mfuko wa saruji uliobaki tangu ujenzi. Gari likanywea kidogo zaidi. Na kati ya tandiko na linta ukapenya mwanga mwembamba. Mpima Macho akaingia ndani, akaweka gia huru, akaegemeza mgongo ukutani na mikono kwenye boneti, akasukuma hata mishipa ya shingo ikamtoka. Magurudumu yakajivuta, yakagoma, yakajivuta.

"Limetoka!" akapiga kelele mke kutoka kwenye buti. "Limetoka, mume wangu!"

Na hapo, kitambaa mkononi, alikuwa amesimama Mpima Ardhi. Alimwona bintiye na saruji, gari limepiga magoti, na mkwewe anachuruzika jasho, mikono myeusi.

"Shikamoo, Baba," akasema shujaa, ingawa alikwisha kumwamkia alfajiri.

"Marahaba. Kuna nini?"

Akamweleza yote, bila kujipunguzia kosa. Mzee akapitisha kidole juu ya ngozi ya tandiko. "Bolti si hii hapa? Kwa nini hukulishusha?"

"Halikuwa langu kulishusha, Baba."

"Ukaona heri uliaibishe gari lako. Hili unalolifuta usiku na mchana."

"Naam, Baba."

Mzee akaiteremsha baiskeli, akapanda, akazunguka ua taratibu katika manyunyu, uso haufichui kitu, akiyasikiliza magoti yake. Mke hakushuka kwenye buti. Shujaa hakufuta jasho. Mzee akazunguka tena, akafunga breki mbele yao.

"Liko palepale," akasema.

Kisha akaichomoa pampu ndogo ya baiskeli, akachuchumaa penye gurudumu la mbele. "Njoo tujaze, mwanangu. Nikichoka utanipokea." Mpima Macho akageuka upande akajifuta macho, akisingizia mvua, akaja. Pampu ile ilitoa pumzi ya kuku, matairi yalitaka pumzi ya tembo. Wakapokezana hadi adhuhuri, wakibishana juu ya milima, na mke akawaletea chai.

Nanyi mtakaosimulia baada yangu, simulieni sawasawa: wako wafalme walioshusha bendera, yako majeshi yaliyoshusha silaha, bali Mpima Macho alishusha gari zima, na tandiko la baba mkwe likabaki juu.