Balbu Isiyopunguzwa Mwanga

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Ushindi! Mama mkwe kafanyiwa upasuaji wa jicho, na daktari kaagiza akae wiki mbili kwenye mwanga hafifu, unaoongezwa kidogo kidogo. Nani ana swichi ya kuzungusha sebuleni, ukitaka taa ififie inafifia? Mimi! Niliifunga kwa mikono yangu hii. Shemeji, kaka wa mke wangu, ni fundi umeme mwenye leseni na ngazi yake mwenyewe, lakini kwake ni swichi za kubonyeza tu. Masikini. Mama atafikia kwangu. Miaka tisa ananiita "baba watoto". Safari hii ataniita fundi.

Jumanne, tarehe 4
Siwezi kumwekea Mama balbu za kizamani. Nimenunua sita za kuokoa umeme. Mwenye duka akauliza zinakwenda kwenye swichi gani. Nikamwambia anaongea na mtu anayejua. Kwenye boksi, herufi nyekundu: HAIPUNGUZWI MWANGA. Hiyo ndiyo balbu, mwanga wake haupungui kamwe! Nyingine huchoka baada ya mwezi. Mke wangu kasoma, kakunja uso, kataka tumuulize kaka yake. Nimesema sebule hii ina mwenyewe.

Alhamisi, tarehe 6
Mama kafika saa kumi, miwani myeusi usoni. Nikazungusha swichi kwa madaha. Balbu zikaanza kukonyeza! Zote sita, kila moja kwa wakati wake. Kisha zikavuma kama nyuki. Mama akashika jicho, akalia: "Jamani, daktari kaniharibu! Vitu vinarukaruka, na masikio nayo yanavuma!" Mke wangu akanikazia macho. Nilipaswa kusema ni balbu, si jicho. Nikamwambia Mama apumzike, jicho litatulia. Aibu ilinishika, nakiri.

Mke wangu akampigia kaka yake. Akaja mbio, akazima swichi yangu, akawasha taa ndogo ya mezani. "Na sasa, Mama?" Mama akasema anaona vizuri kabisa. Shemeji akaokota boksi, akasoma, akacheka mpaka akakaa chini. Eti maana yake balbu hizi hazifai kwenye swichi ya kupunguza mwanga. Maneno ya kifundi, ya kutuchanganya tu. Mama kaondoka naye. Mlangoni akanipa pole, akaniita baba watoto.

Jumamosi, tarehe 8
Kiti cha Mama kitupu. Kinaniuma, sifichi. Shemeji kaleta balbu sita. Kasema nikizifunga hizi, Mama atarudi Jumatatu. Moyo ukaruka! Nikasoma boksi, maana siku hizi nasoma maboksi kwa makini. INAPUNGUZWA MWANGA. Wameandika wenyewe, bila haya! Hiyo ndiyo zawadi ya kumpa mama yake mzazi? Sikumgombeza. Nimezipeleka dukani kimyakimya, nikabadilishana na sita za HAIPUNGUZWI, kubwa zaidi. Nimeshazifunga. Jumatatu Mama atajionea fundi ni nani.