Joto la Kanda kwa Sauti ya Isidore

Jumatatu, 3 Juni
Mimi ni mtu wa bahati, tangu tumboni. Nilipokuwa Bruxelles, kule Ubelgiji, mzungu mwenye studio alinishika bega: Bonaventure, sikio kama lako halizaliwi mara mbili. Akanipa mashine ya kurekodi kwa kanda, ile ya magurudumu mawili. Ndiyo maana katika mji mzima wa Baraka sauti zenye joto zinatoka kwangu. Kwa jirani Lionel, mwenye studio ya pili, zinatoka sauti tu.

Leo ameingia Espérance, mjane wa Isidore mvuvi. Simu mkononi. Ndani ya simu marehemu anaimba huku akiparua samaki uani. Jumamosi wanamaliza kilio kule Ubwari, kwa mama wa Isidore. Koko yule, bibi mzee, hakuvuka ziwa kuja kuzika, miguu ilikataa. Kasema hamalizi kilio bila kusikia sauti ya mwanawe. Nikamwambia Espérance: kazi ya kilio silipishi. Akalia. Nami kidogo.

Jumanne, 4 Juni
Shajara, wewe si mteja, nikuambie. Nyuma ya pazia la studio kuna godoro, si mashine. Yenyewe bado iko Bruxelles, inangoja meli. Kwa sasa joto linatoka kwenye kompyuta, kwa plagini: programu ndogo inayojifanya kanda ya zamani. Sikio gani litajua?

Nimefanya kazi kama daktari. Kwanza nimefuta uchafu: mbuzi, sufuria, kisu kinachogonga beseni. Isidore amebaki peke yake, msafi kama siku ya ubatizo. Kisha nimezungusha vifundo vya plagini. Joto, juu! Na ule mvumo wa kanda, shaaa, juu kabisa! Marehemu anaimba kama mtu wa zamani za baba zetu. Nimejipigia makofi.

Jumatano, 5 Juni
Balaa! Espérance kaleta kaseti tupu. Koko hataki simu. Anasema sauti za kwenye simu ni za wazima wanaoomba vitu. Maiti haipigi simu. Yeye ana radio-kaseti yake, basi. Espérance akasema: papa Bona, si mashine iko? Weka tu humu. Nikajibu bien sûr, bila shaka. Nikaenda kulala kwenye godoro, mchana kweupe.

Alhamisi, 6 Juni
Mwenye radio-kaseti ya kurekodi, ya milango miwili, ni mmoja: Lionel. Ya marehemu baba yake. Nimekwenda na kichwa juu. Nimesema mashine yangu ina mafua.

Akaita watu wa barabara nzima. “Mukuje muone! Wa Bruxelles anaomba kwa siye ba Baraka!” Wamecheka mpaka mama wa maandazi akaunguza maandazi.

Nikampa klé, flashi ndogo yenye sauti zote mbili, yangu na ile chafu ya simu. Akasikiliza ile chafu kwanza. Kicheko kikafutika usoni. Alikuwa akivua samaki na Isidore, wale wawili, mtumbwi mmoja. Akasema tu: kuja kesho. Akasema na yeye anavuka ziwa kwenda kilioni.

Jumamosi, 8 Juni
Ubwari. Bamama wamekaa chini. Koko katikati, radio-kaseti mapajani kama mjukuu. Nimesimama mbele, koti la harusi. Nimetoa hotuba fupi juu ya joto. Koko akabonyeza.

Shaaa. Mvumo wa plagini, na juu yake mvumo wa kaseti yenyewe.

Koko akainua kichwa. “Nani anakaanga samaki ndakala nyuma yake?”

Hakuna aliyecheka. Akasikiliza tena, sikio limegusa spika. Kisha, polepole: “Huyu si mutoto wangu. Isidore hakuimbaka bila kisu.”

Espérance akaniangalia. Mimi nikaangalia ziwa. Koko ataendelea kulia, na mwenye kosa ni mimi.

Lionel akapiga magoti mbele yake, akageuza kaseti. Upande wa pili alikuwa ameweka ile chafu. Mbuzi. Sufuria. Kisu kwenye beseni, ko, ko, ko. Pumzi ya mtu. Kisha wimbo.

Mkono wa koko ukaanza kuparua goti lake, kwa mapigo yale yale.

“Sasa amefika,” akasema.

Bamama wakaupokea wimbo. Kilio kikaisha.

Nimelia hadharani. Baadaye nimewaambia watu kwamba upande wa pili ulikuwa mpango wangu. Lionel alisikia. Alinisogezea sahani ya bugali.

Jumatatu, 10 Juni
Nimetafakari sana. Kosa nimeliona: joto halikutosha! Ningefungua kifundo mpaka mwisho, koko angemjua kwa upande wa kwanza.

Leo kwaya imeshuka kutoka Fizi, inaulizia mashine ya Bruxelles. Nimesema imerudi huko kutibiwa mafua, inatua mwezi ujao. Na zaidi: kila wimbo wao nitautia kisu na beseni. Ndiyo siri ya sauti yenye uhai. Wamefurahi sana, wamepanda kwao wakiimba.

Shajara, nikuambie kweli: mashine haiji. Haikuwako. Bruxelles sijafika. Nimefika Uvira tu, ziwa hili hili.