Boti la Manzese

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeona boti. Manzese! Mabasi ya mwendokasi yanapita upande huu wa ukuta, boti limekaa upande ule. Nilikwenda kutafuta wino wa mashine yangu ya fotokopi, nikakosea uchochoro, nikatokea yadi ya Mzee Mohamedjaffer, aliyekuwa akiuza vipuri. Limewekwa juu ya mapipa. La buluu. Chini lina chumba, vitanda viwili, jiko, choo. Choo! Sie Tabata wapangaji sita tunachangia choo kimoja, kumbe kuna kitu kinaelea na choo chake.

Mawazo yakaja yenyewe. Kitchen party baharini. Send-off baharini. Mabibi harusi wa Dar wamechoka kukaa kwenye matenti. Na matenti anakodisha nani? Gervas, jirani yangu wa kiwanja kule Madale. Ameshaezeka bati za msauzi rangi ya maruni, na kila tukikutana ananiulizia pagale langu kwa sauti ya mtu anayemuulizia mgonjwa.

Kuogelea sijui. Lakini nahodha wa kuogelea wa nini? Anayeogelea ni yule ambaye boti lake limezama.

Jumanne, 4 Machi

Nimelala na boti kichwani. Niandike hali halisi, maana daftari hili hasomi mtu.

Kodi ya Tabata inaisha tarehe 31, na mwenye nyumba haongezi. Chumba anampa mwanawe. Lazima tuhamie Madale. Pagale lina vyumba vinne, kuta zimesimama, juu mbingu. Hela ya kuezeka ipo. Recho kaivuna kwenye akiba ya kikoba, mwaka mzima anashona sare za shule mpaka vidole vimeota sugu. Kanikabidhi mie mkononi, kasema masika hayatungoji. Mke wangu ananiamini. Si mzigo mdogo huo.

Ila nimefikiri kama mwanamume. Bati hazizai. Ukishaezeka, zinakaa huko juu zinakutazama. Boti linazaa. Kufika Juni nitaezeka vigae, Gervas aniombe picha.

Jumatano, 5 Machi. Majivu

Nimepakwa majivu. Kwaresima hii nimeamua kufunga uongo. Bia kila mtu anafunga.

Kwa hiyo nikamwandikia Recho, huko anakoshona, ukweli mtupu, bila kona: "Mama Jeni, kesho nakwenda Manzese kuangalia boti. Rangi buluu."

Akajibu saa hiyohiyo: "Sawa Baba Jeni. Mie nilipenda kijani ila buluu si mbaya. Hakikisha ni geji 28, wasikuuzie nyepesi."

Nikasoma mara mbili. Kasoma bati! Mie nimeandika boti, herufi kwa herufi. Sasa nimwambie amekosea kusoma? Hiyo ni dharau kwa mke, na dharau ni dhambi, tena siku ya Majivu. Nimejibu "sawa". Nimelala na dhamiri safi.

Alhamisi, 6 Machi

Mzee Mohamedjaffer anakaribia miaka themanini. Nikampa shikamoo, nikaomba maji ya kunywa. Akaniletea mwenyewe. Ndipo nikakumbuka ni Ramadhani na yeye kafunga. Nikanywa harakaharaka.

Nikamuuliza boti anauza kiasi gani. Akasema hauzi. Chini limeoza, injini imekufa zamani. Alimnunulia marehemu mkewe, Bi Roshan, ndiyo maana jina lake limechongwa ubavuni. Lilikwenda baharini mara tatu tu, na mara zote tatu Bi Roshan alitapika. Akasema ana saumu, hawezi kunidanganya.

Nikamtazama machoni. Mfanyabiashara anayeponda mali yake mwenyewe! Huyu kuna kitu anaficha.

Bintiye Samina akatoka ofisini. Yeye anaitaka yadi yake tu. Akasema kama naweza kuliondoa, nilichukue bure.

Bure! Hapo ndipo niliposhtuka. Nani anatoa boti bure Dar es Salaam hii? Rahisi huvunja upishi. Nichukue bure, baadaye waje waseme waliniazima? Nimekataa katakata. Nimewaambia mie nalipa, na risiti nataka.

Jumamosi, 8 Machi

Nimempeleka Albano alikague. Ni seremala, Mmakonde wa Newala, mbao anazijua kuliko wanawe. Akagonga ubavu kwa kidole, kidole kikaingia. Akakitoa, akakiangalia, akakifuta kwenye suruali. Kuku wa jirani alikuwa anaatamia kwenye kiti cha nahodha.

Hukumu yake: huku juu ni mninga safi, chini ni uji. Kulifufua kunataka mwaka mzima na gharama ya nyumba mbili. Halafu akaniuliza kwa upole kama nyumbani kuna amani.

Njiani ndipo nikakumbuka. Kenchi za paa la Gervas alipiga nani? Albano! Ahaa. Kumbe wamekaa kikao. Hii tu ilitosha kunipa jibu. Nanunua.

Jumatatu, 10 Machi

Nimelipa. Mzee alinisihi mara tatu nisilipe. Samina alinisihi mara moja, kama mtu anayetaka kufunga ofisi. Mwishowe mzee akasema basi, hela hii yeye hawezi kuila. Itafuturisha wasiojiweza wa mtaa ule mpaka mwisho wa Ramadhani, na thawabu ziwe zangu. Nikasema sawa, kwa sauti kubwa, maana mafundi wote wa gereji ya jirani walikuwa wanasikiliza. Wakanipigia makofi. Tangu nizaliwe sijapigiwa makofi.

Risiti inasema limechukuliwa lilivyo na halirudishwi. Lugha ya kibiashara tu hiyo.

Jioni Recho kapiga simu, kauliza kama nimeshalipia. Nikasema nimelipia. Akacheka kwa furaha. Kwaresima hii naiweza.

Jumatano, 12 Machi

Nimelihamishia kiwanjani Madale, litengenezwe mbele ya macho yangu. Winchi na lori vimekula hela yote iliyobaki. Kwenye kile kilima cha mwisho lori likagoma, watu wakasukuma, watoto wakaimba Nuhu, Nuhu.

Gervas alitoka nje kaegemea gari lake, Toyota Noah. Mtu mmoja akasema Gervas ana Noah lakini safina anayo Valerian. Watu wakacheka, na kwa mara ya kwanza hawakunicheka mie. Gervas akauliza, kwa adabu zake zile, bahari iko upande gani. Nikamwonyesha kwa mkono mzima. Sasa hivi naona kama nilionyesha Kibaha, huko bara.

Jumamosi, 15 Machi

Siku mbaya.

Recho kaja Madale bila kunipa taarifa. Kaja na fundi wa kupaua, Jenipher na mdogo wake, na hotpoti la chapati za mafundi. Akaliona boti, akadhani ni la Gervas. Akalizunguka kutafuta bati zilizo nyuma yake. Hakuziona. Akazunguka tena. Akaniuliza bati nimeziweka wapi.

Nikatoa simu. Nikamwonyesha meseji, neno lenyewe, nikamwekea kidole. Boti. Nikamweleza kuwa toka Majivu sijasema uongo hata mmoja.

"Niliona," akasema. "Nikajua umekosea herufi. Miaka kumi na tisa nazisoma meseji zako, Baba Jeni, nazisahihisha kichwani."

Halafu akakaa kwenye tofali, akalia. Recho hanaga machozi. Hata msiba wa mamake alikuwa anagawa chai. Fundi akageukia ukutani kama anaupima. Jenipher akampokea mamake hotpoti mkononi lisije likadondoka. Niliona lazima niseme kitu.

Nikasema lina choo.

Jumanne, 18 Machi

Kanituma Manzese nikaombe turudishiwe hela. Hajaniita Baba Jeni siku tatu. Ananiita "wewe".

Nimefika magharibi, wamekaa mikekani safu nzima wanafuturu. Uji, tambi, mihogo ya nazi, maharage. Mzee Mohamedjaffer akanitambulisha: huyu ndiye ndugu yenu Mkristo aliyewafuturisha. Wakainua mikono, wakaniombea dua, Mungu aisitiri nyumba yangu. Nikasema amina, tena kwa moyo wote. Mbele yangu babu mmoja alikuwa anamalizia bati kama nne za sebuleni.

Ningeanzaje? Ningesema naomba mteme? Wakanisogezea sahani. Tambi zilikuwa tamu, nikaongeza. Wakati wa kurudi mvua ya kwanza ikashuka.

Nimemwambia Recho wananiombea. Kazima taa.

Jumamosi, 22 Machi

Recho kachukua usukani, simaanishi ule wa boti. Kamwita Albano. Kwa siku tatu wamelivunja. Mninga wa juu umekuwa kenchi. Injini, reli na mabomba vimekwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Zimepatikana bati za vyumba viwili, geji 30. Nikasema tulitaka 28. Recho akanionyesha ngazi.

Recho kakataa ule ubao wenye jina la Bi Roshan usikatwe. Kauosha, kaufunga kwenye khanga, kaupeleka Manzese mwenyewe. Anasema mzee kaupokea kwa mikono miwili.

Mie nilishika ngazi.

Gervas kaleta tenti, kafunika mbao zisilowe. Bure, eti. Anatafuta nini huyu?

Jumatano, 2 Aprili

Tumehamia Jumapili. Vyumba viwili vina bati, viwili havina. Watoto chumba kimoja, sie kingine, vyombo vya jikoni chini ya kitanda. Mvua haijakatika toka tufike. Siwezi kukataa, ukiwa ndani ukaisikia juu ya bati unajisikia mtu. Na Recho sasa anaongea nami. Jana kaniambia nipishe.

Leo asubuhi kaenda Tabata kushona, anasema atazileta bati zilizobaki moja moja ikibidi. Kaniachia ndoo na kazi moja tu: nikombe maji yaliyojaa kwenye vile vyumba vya wazi, maana chumba cha watoto kiko mlango wa pili na godoro lao liko chini.

Nimechota ndoo nne. Ya tano nikasita. Nikayaangalia yale maji. Yanafika gotini. Yametulia. Kuta pande zote nne, hakuna paka wala mwizi atakayeingia. Vyumba viwili, kimoja cha wakubwa, kimoja cha wadogo. Kambale anataka nini zaidi? Baa zote za Tegeta zinalilia kambale. Na hakuna kambale anayehitaji kuezekewa. Bati zingemharibia mvua. Nimemuuliza Gervas kama anajua wanakouza vifaranga vya kambale. Kasema hajui. Anajua!

Nimeweka ndoo chini.

Maji yameanza kupenya chini ya mlango kuelekea kwa watoto. Nimeyaziba kwa blanketi la Jenipher. Yasije yakapotea.