Mashahidi Wanane wa Mwanasesere

Quionga, Jumatatu, 1 Agosti 2016

Bismillahi. Daftari hili walitugawia watu wa kampuni ya gesi kwenye mkutano, pamoja na kalamu. Kazi hawakugawa. Basi nakuandikia wewe, daftari, maana nyumbani tuko wawili tu, mimi na mjukuu wangu Sumaia. Ana miaka sita na hanisikilizi. Anaisikiliza simu aliyoileta mama yake, binti yangu Khairiya, mpishi wa kambini kwa hao watu wa gesi huko Palma.

Leo nimechungulia anachotazama. Mwanasesere anakula vidole vyake! Kimoja kimoja! Na anacheka! Nimeipiga simu kwa kanga. Haikuzimika.

Jioni Khairiya kapiga. Sumaia kamsimulia yote, mdomo hauna komeo. Kumbe anamwota. Khairiya kasema, mama, ikifika Ijumaa mtoto bado ana hofu, nakuja kumchukua.

Kumchukua! Mimi nibaki na nani, na kuku?

Jumanne, 2 Agosti

Nimeandika mashtaka. Nimempelekea katibu wa mtaa, mzee Amisse. Kauliza jina la mshtakiwa na la baba yake. Tukaandika: Mwanasesere, baba hajulikani. Kapiga muhuri. Muhuri mzuri, wa buluu. Kisha kaniambia hajui barua inakwenda wapi.

Njiani nimekutana na jirani yangu Siwema, wa kwao Mtwara, muuza vitenge, anayejua kila kitu. Kacheka mpaka kashika ukuta. Kaniuliza, da Mwanahamisi, pingu za mwanasesere utanunua wapi? Kasema niguse vidoti vitatu pembeni ya video, niguse bendera, nichague sababu, nitume. Basi. Na mtoto asiishike tena simu.

Nimemshukuru, nimeingia ndani. Sikumwamini. Jambo zito hivi limalizwe na kidole?

Jumatano, 3 Agosti

Nimekikubali kidole. Lakini kushtaki bila mashahidi, dini gani hiyo? Wanaume wote wako Palma, wamekaa langoni wanangoja kazi ya gesi. Wanawake wanne wangetosha. Nimeita wanane, kwa tahadhari, kila mwenye simu na simu yake. Nimekaanga vitumbua.

Siwema kasema tubonyeze tu. Nikamjibu kwamba anayeshuhudia asichokiona ataulizwa siku ya kiyama. Tukaitazama yote. Mariamo kachelewa, tukaanza upya. Zuleica alikuwa kenda uani, tukaanza upya. Bi Luísa kasinzia katikati, tukaanza upya.

Kugeuka, Sumaia kasimama nyuma yetu. Na watoto saba wa mtaa.

Tukabonyeza. Simu ikajibu: Obrigado. Imenishukuru! Tangu Idi hakuna aliyenishukuru.

Alhamisi, 4 Agosti

Hakuna kilichoondoka. Na leo simu imeniletea mwanasesere mwingine, wa kiume. Baadaye mwingine, mzee, nadhani ni babu yao. Siwema kasema simu humletea mtu anachokipenda, shoga, na wewe umeitazama mara nne bila kupepesa. Fitina hizo.

Sumaia kala ugali kwa kijiko. Anavificha vidole. Mchana kalala kashika pembe ya kanga yangu, nami nikakaa saa mbili sijatikisika. Mgongo umekufa. Alhamdulillahi.

Ijumaa, 5 Agosti

Khairiya kaja na chapa, kigari cha abiria, baada ya sala. Kaona kijiko, hakuuliza zaidi. Sumaia kaung'ang'ania mlango kidogo, kisha kaonyeshwa viatu vipya. Nimemwambia Palma kuna vumbi. Kaniambia, bibi, hata hapa lipo.

Simu wameniachia, eti niwe naisikia sauti yao. Vitumbua vyake nimesahau kumfungia. Nimevila mimi.

Jumapili, 7 Agosti

Simu imelia! Nimeacha sufuria jikoni nikijua ni Khairiya. Siye. Ni ujumbe: video imeondolewa, asante kwa taarifa yako.

Imeondolewa! Nimeshinda! Nimemkimbilia Siwema. Kanitazama kwa huruma, kasema ningebonyeza Jumanne, peke yangu, pengine mtoto angekuwa hapa anakula ubwabwa. Nimemsamehe. Wivu ni maradhi.

Nyumba kimya. Hata kuku wamelala mapema. Basi nimetafuta Palma ndani ya simu. Iko video ya watu wa gesi: barabara mpya, kofia ngumu, watoto wanacheka darasani. Nimeitazama mara tatu nikimtafuta Sumaia. Hayumo.

Nimegusa vidoti vitatu. Bendera. Sababu zimejipanga, nikachagua: inadhuru watoto. Ndiyo, kwani? Inawavuta, wanawaacha bibi zao.

Ila sijatuma. Ushahidi wangu peke yangu hautoshi. Kesho nawaita kumi na sita. Unga upo, mafuta nitaazima kwa Siwema. Watoto nao waje, wasikae nje kwenye jua. Tutaitazama yote, tangu mwanzo. Na atakayechelewa, tutaanza upya.