Mashine Nzito Kuliko Zote

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mgongo umegoma tena. Ndoo kumi na mbili za zege nimepandisha. Ya kumi na tatu nikaiweka chini polepole, kama naweka mtoto aliyelala. Daktari alishasema niache kubeba. Rahisi kusema. Yeye anabeba kalamu.

Lakini kuna habari! Mzee wa stoo anaondoka mwisho wa wiki. Kazi ya stoo ni kukaa. Kuna kiti. Unaandika koleo zilizotoka na koleo zilizorudi, basi. Nikiikosa hiyo sijui. Huu mgongo hauumalizi mwaka, na binti yangu bado yuko chuo cha ushonaji.

Saa nne Mhandisi akatukusanya. Printa ya ofisi ya saiti imekufa. Imekula vumbi la simenti mpaka ikaganda tumboni. Na mikataba mipya ya vibarua wote inatakiwa ichapwe Jumatatu ijayo, mwenye jengo anakuja kuikagua. Asiye na mkataba hapiti getini. Akauliza nani hapa anajua mambo ya printa.

Nikaona mkono umepanda juu. Kumbe wangu.

Nikasema marehemu mke wangu alikaa ofisini na printa miaka kumi na moja. Ni kweli. Alikuwa anapiga deki. Hiyo sehemu sikuitaja.

Mhandisi akasema haya, kachague, ukichagua vizuri tutaongea habari ya stoo. Kamusi akacheka kupitia puani. Kamusi ni kibarua mwenzangu. Alimaliza sekondari, ana maneno mengi, ndiyo maana tukamwita hivyo. Mimi wananiita Winchi, kama ile mashine ya kupandishia mizigo. Na yeye anaitaka stoo. Ana miaka ishirini na sita, ana mgongo kama nguzo, anaitakia nini?

Daftari hili kanipa binti. Kasema baba, andika, masikio yangu yamechoka. Mama yake hakuchoka.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimeenda duka la mashine. Muuzaji ni mama mwenye miwani mbili, moja machoni, moja kichwani. Akaniuliza wino wa maji au wa unga. Nikasema wa unga. Unga naujua, simenti ni unga. Akauliza ya rangi au nyeusi tupu. Nikasema ndiyo. Akauliza kurasa ngapi kwa mwezi. Nikasema nyingi, ila siyo nyingi sana. Akauliza ya waya au isiyo na waya. Jasho! Nikamwambia mama, kwanza niache nizishike.

Nikaanza kuinua. Hili ndilo ninalolijua. Nondo, mlango, jembe, sufuria, kitu cha maana ni kizito. Chepesi ni kopo lililopakwa rangi. Nikainua mashine tisa. Yule mama akaniuliza, baba, unanunua au unatuhamisha?

Sawa, kuna ile redio. Naiandika kwa sababu daftari halicheki. Mwaka niliooa nilinunua redio kwa mchuuzi barabarani. Ilikuwa nzito kuliko zote. Nyumbani haikusema neno. Mke wangu akaifungua kwa kisu cha jikoni. Ndani, jiwe. Hakupiga kelele. Aliniuliza kitu kimoja tu, kwani hukuijaribu? Jiwe akaliweka mlangoni kuzuia mlango usipigwe na upepo. Lipo mpaka leo. Binti anafagia, analisogeza, analirudisha.

Lakini lile lilikuwa jiwe. Printa hazitiwi mawe.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Balaa! Kamusi kaandika orodha. Kaitoa kwenye simu yake, kaipiga mstari chini, kampelekea Mhandisi mbele yangu. Kurasa kwa dakika. Nukta kwa inchi. Mambo ya nukta! Juu kabisa kaandika jina la mashine moja ndogo, ya wino wa unga, inachapa na kutoa kopi. Mhandisi anatikisa kichwa kwa kukubali.

Ile ndogo niliiona jana. Niliiinua kwa mkono mmoja. Kwa vidole!

Nikasema bosi, hiyo ni kopo. Hapa saiti kuna vumbi, kuna mtetemo, kuna watu kama sisi. Mashine nyepesi itakufa kabla ya wiki. Nunua kitu kilichoshiba. Nikasema kwa sauti, wote wamesikia. Mhandisi akafikiri. Mafundi wakasema Winchi ana hoja. Kamusi akasema kwa hiyo tununue tofali. Watu wakacheka, lakini bahasha ya hela nikapewa mimi.

Karani akanifuata nje. Ni msichana mpole, meza yake ni ya kukunja, ina miguu mitatu na wa nne ni tofali. Akasema mzee wangu, naomba isiwe kubwa. Na hakikisha inachapa.

Nikacheka. Mwanangu, nani ananunua printa isiyochapa?

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimenunua! Nilimwambia yule mama, nipe nzito kuliko zote ulizonazo. Akaniuliza mara mbili. Akaenda nyuma, akafunua shuka. Lo! Mashine ya maana. Imetumika kidogo, ilitoka kwenye ofisi kubwa, anasema inameza karatasi hamsini kwa dakika. Ina kioo, ina taa, ina mlango juu na mlango pembeni. Nikajaribu kuiinua, ikasogea kwa shida. Nikaipenda pale pale.

Kitu kimoja kinanisumbua. Nilipoomba apunguze bei alipunguza haraka. Haraka mno.

Ofisi ya saiti iko ghorofa ya pili. Tuliipandisha mimi na mgongo wangu. Kamusi alisaidia kushika mlango. Kwenye ngazi ya kumi na saba nikasikia kitu kimelia kiunoni, kama ubao mkavu. Nikatabasamu ili Mhandisi asijue. Kamusi akaniuliza mbona nacheka peke yangu.

Kesho wanaiwasha. Sijala vizuri.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Naandika nimelala kifudifudi.

Waliiwasha. Ikanguruma vizuri, taa ya kijani, kila mtu akasema eeh! Nikaangalia upande wa Kamusi. Karani akatia karatasi nyeupe. Ikaimeza. Ikaitema. Nyeupe. Akatia tena. Nyeupe. Akaizunguka mashine, akainama, akapapasa kila upande kama anatafuta mlango wa nyumba. Akaniuliza taratibu, mzee wangu, wino unawekwa wapi?

Haina mahali pa wino. Ni skana. Skana tupu! Inasoma tu, haiandiki. Kamusi akasema hongera mzee Winchi, umetuletea mtu aliyesoma sana lakini hana kalamu. Walicheka mpaka fundi bomba akakaa chini.

Mhandisi hakucheka. Afadhali angecheka. Akasema Jumatatu asubuhi anataka kuona printa juu ya ile meza, na vibarua hamsini na nane wana mikataba mkononi. La sivyo nisisumbuke kuja.

Hamsini na nane. Na mimi nimo humo.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Tumekodi mkokoteni, binti na mimi. Dukani kuna kibao: kikishauzwa hakirudi. Nikamwambia yule mama kaniuzia kitu kisichochapa. Akasema baba, uliomba nzito, nilikupa nzito. Akanionyesha risiti. Imeandikwa skana, na chini yake sahihi yangu, nzuri tu. Binti akaniangalia. Mama yake kabisa.

Nikapanga mpango. Nitaiweka juu ya kaunta kwa nguvu, aogope. Nikainama, nikashika, nikavuta. Mgongo ukajifunga. Nikakwama pale pale, nimeikumbatia mashine, siwezi kupanda wala kushuka. Wateja wawili wakaingia, wakaniona, wakatoka. Wa tatu akauliza kama duka lina msiba. Yule mama akaanza kubembeleza, baba, simama basi. Nikasema sisimami, na ilikuwa kweli. Binti akamwambia kwa upole kwamba baba anaweza kukaa hivyo mpaka jioni, alishawahi.

Akakubali kubadilisha. Lakini printa ya wino wa unga iliyobaki dukani, inayochapa na kutoa kopi, ni moja tu.

Ni ile ndogo! Ya Kamusi! Jina lile lile, juu ya orodha!

Nimerudi nayo nimeibeba kwapani. Kwapani, kama mkate.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Sikupata raha tangu asubuhi. Mbele ya watu wote nilisema ni kopo. Kesho naingia na kopo lile lile. Kamusi ataimba. Mhandisi atasema kwa nini basi nisimpe stoo aliyechagua tangu mwanzo? Na atakuwa na haki, hapo ndipo panauma.

Saa tano nikapata akili. Isiwe ile ile! Iwe nzito!

Nina bamba la chuma, lile la kukalishia nguzo, lilibaki saiti mwaka jana nikalihifadhi. Linatosha chini ya mashine kama limekatiwa. Skrubu hapana, zitatoboa utumbo. Nikatumia gundi ya vigae. Binti akatoka chumbani, akasimama, akaniuliza, baba, unaivalisha viatu?

Akasema basi angalau tuijaribu kabla sijaiharibu. Akaiunganisha na simu yake, sijui kwa njia gani, hakuna waya. Ikachapa pale pale. Karatasi ikatoka ya moto. Picha ya mama yake, nyeusi na nyeupe, amesimama na fagio lake la deki kwenye ile ofisi, anamcheka anayempiga picha. Sikuwahi kuiona. Binti akasema ilikuwa kwenye simu siku zote.

Nyuma yake mezani kuna printa. Ndogo. Kama hii hii.

Nimeiangalia muda mrefu. Nadhani ile ilikuwa nzito. Kwenye picha uzito hauonekani.

Nikarudi kuangalia kama gundi imekauka.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Mgongo bado unauma. Naandika hivyo hivyo.

Nilifika wa kwanza. Nikaiweka mezani mwenyewe. Mhandisi akaingia, akataka kuisogeza kwa mkono mmoja, akaguna. Akasema ndogo lakini imeshiba! Kamusi akakodoa macho, akasema lakini hii ndiyo ile ya kwangu. Nikamwambia ya kwako ni nyepesi, hebu inua. Akainua. Akairudisha. Akanyamaza! Kamusi, kanyamaza!

Karani akaanza. Mikataba ikatoka mmoja mmoja, safi, herufi kama zimechongwa. Watu wako foleni mpaka kwenye ngazi, kila mmoja anashika wake kwa ncha za vidole, maana tuna simenti mikononi. Wangu ni wa hamsini na nane, nilichelewa kujiandikisha. Nikahesabu. Hamsini na tano. Sita. Saba. Meza inalia. Nikasikia tofali limetoka.

Kwaa!

Meza ikapiga magoti. Mashine ikateleza, ikatua sakafuni kwa bamba, cheche zikaruka. Kifuniko kikapata ufa. Mkataba wangu ukakatika katikati. Nusu mkononi mwa Karani, nusu tumboni mwa mashine. Nusu iliyotoka ina jina. Kazi haina.

Wakaigeuza. Bamba likaonekana, na gundi ya vigae imefura pembeni kama mdomo wa mtoto aliyenuna. Mhandisi akauliza nani kaweka hii. Nikasema mimi. Akauliza kwa nini. Kamusi akafungua mdomo. Nilitaka kusema ukweli, wallahi, ulishafika kooni.

Karani akaniwahi. Akasema ni kwa sababu ya wizi, bosi! Mwezi uliopita tumeibiwa birika, tumeibiwa na drili. Mzee kaifunga chuma ili mtu asitoke nayo kwapani!

Mhandisi akaniangalia. Akasema kumbe ndiyo maana ulikuwa unang'ang'ania uzito.

Nikasema ndiyo bosi.

Akachukua ile nusu, akaibana ukutani, akamalizia kwa kalamu: Mtunza stoo. Majaribio mwezi mmoja. Kamusi akasema huyu mzee ana bahati ya kichaa. Akanipa mkono lakini.

Mashine ikainuliwa, ikawekwa sakafuni, bado inachapa. Mwenye jengo alikuja saa nane, akapekua mikataba yote. Kwenye wangu akasimama kidogo. Akapita.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Siku ya pili kwenye kiti. Mgongo haujalia hata mara moja. Nimeandika koleo kumi na tisa, zote zimerudi.

Mhandisi kanituma nikanunue kufuli jipya la stoo, maana la zamani linafunguka kwa msumari. Kasema chagua wewe, mambo ya wizi unayajua. Dukani nilikuta makufuli kama thelathini. Nikayapima mkononi moja moja. Nimechukua zito kuliko yote. Muuzaji akataka kunionyesha namna ya kulifungua, nikamwambia asijisumbue.

Saa kumi na moja nimefunga. Vifaa vyote vimo ndani, mpaka drili mpya na nguo za kazi za watu wote. Lilifunga kwa sauti nene, nzuri. Kesho saa moja vibarua hamsini na nane wanasimama mlangoni, na Mhandisi kasema atakuja mapema aone stoo inavyofunguliwa.

Binti kasogeza lile jiwe kwa mguu, kafunga mlango, kaniuliza kama ufunguo nimeujaribu.

Hajalishika lile kufuli. Angelishika asingeuliza.