Mlango wa 19 Hauwezi Kuwa Wangu

Kalemie, tarehe 8 Julai

Kwa Bwana Mkurugenzi wa Wakala wa Mizigo ya Ziwa, aliye safarini kikazi Lubumbashi

Bwana Mkurugenzi,

Nakuandikia kwa heshima, na kwa hasira niliyojitahidi kuipiga pasi kabla ya kuiweka kwenye karatasi.

Tangu Christelle, fundi wetu wa kompyuta, aweke seva mpya, kompyuta zetu zote zinaishi ndani yake, na zinawasiliana kupitia swichi ambayo nayo imo humo humo. Haishikiki, haionekani, haina tundu hata moja. Lakini ina milango, na kila mlango una namba. Ukifungua kompyuta yako asubuhi, swichi inakupa mlango unaofuata. Hapo ndipo maumivu yangu yanapoanza.

1. Mlango wa 1 anao Mama Huguette, anayeandika wageni getini. Mimi, Mkubwa wa Biro, mkuu wa ofisi hii nzima, mwaka wa ishirini na sita kazini, nina mlango wa 19. Je, katika gwaride la Uhuru, tarehe 30 Juni, mtu wa getini humtangulia mkubwa wake?

2. Namba yenyewe haitulii. Jumatatu 19, Jumanne 22, Alhamisi 17. Nami nilikuwa nimeshamwagiza seremala, kwa shingo upande, kibao cha 19.

3. Nilimwandikia Christelle barua ya kumtaka ajieleze. Akajibu mbele ya watu: «Papa Chef, ile namba haiko cheo. Njo alama tu, swichi ijue itapeleka vitu fasi gani. Ukitaka ya kwanza, fika wa kwanza.» Bwana Mkurugenzi, mtu hufika kazini kulingana na cheo chake. Saa yangu ni saa nne.

4. Kuna mlango wa 0. Niliuliza kwa unyenyekevu kama ni wako. La, ni wa swichi yenyewe! Kitu kisicho na diploma kimejiweka mbele yetu sote.

5. Ili kurudisha nidhamu, niliamuru mtu yeyote asifungue kompyuta kabla yangu. Amri inafuatwa vizuri sana: wafanyakazi wote wanakaa uani hadi saa nne, pamoja na mabaharia wa boti ya saruji ya Kabimba, wanaosubiri karatasi zao siku ya tatu sasa. Lakini juzi umeme ulikatika dakika mbili. Uliporudi, namba zikagawiwa upya, na Huguette, mwenye vidole vyepesi, akanipita.

Kwa hiyo naomba swichi iandikiwe barua yenye muhuri, ielezwe vyeo vyetu. Naomba pia Christelle ahamishiwe ghala letu la Niemba, ambako hakuna kompyuta. Najua anamuuguza mama yake hapa mjini, lakini heshima ya biro nayo inaumwa.

Pokea utii wangu, ambao haubadiliki umeme ukikatika. Nisalimie Mama Nadine, watoto, dereva Gérard, na wote wanaoniulizia.

Prospère Kalenga
Mkubwa wa Biro

N.B. Nilimwomba Christelle achapishe orodha ya milango yote ya mwaka huu, niiambatanishe kama ushahidi. Nimeisoma sasa hivi. Jina lako, Bwana Mkurugenzi, halimo. Kompyuta yako haijafunguliwa hata siku moja tangu Januari ianze, na swichi haijakupa namba yoyote. Kwa hiyo namba si cheo, na sijapata kusema kwamba ni cheo. Christelle abaki hapa hapa. Orodha nimeifungia kabatini. Barua ningeichana, lakini imeshaingizwa kwenye daftari la barua zinazotoka, na daftari halifutwi. Naomba uipokee bila kuifungua.