Fahali, Baiskeli na Matimba ya Nyamalele

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe 17 Julai 1956, mwamba wa shimo namba tatu katika mgodi wa dhahabu wa Nyamalele ulipomshukia mchimbaji Valerian akiwa kazini. Matimba, yale magogo ya kuzuia dari, yalikuwa yameng'olewa wiki iliyotangulia. Kampuni ikachunguza upesi, kama wakubwa wanavyochunguza makosa yao wenyewe, ikatangaza kwamba marehemu alikufa kwa uzembe wake. Aliyekufa hana mdomo.

Siku ya tangazo hilo Leodgar aliingia Nyamalele akitokea Shinyanga, viatu kavitundika begani visije vikachakaa, suti moja mwilini, na ulimi uliokwisha kuwala watu wenye akili kumshinda. Akaona wachimbaji wamesimama vikundi vikundi wakinong'onezana habari ya kugoma. Akavaa viatu. Penye ugomvi, alipenda kusema, pana viti viwili, na mtu wa katikati hukalia vyote.

Alifikia kwa Theopista, mjane wa Valerian, aliyeuza togwa nyuma ya kambi.

"Pole na msiba, Mama Generosa. Mimi natoka chama cha wafanyakazi, makao makuu."

"Makao makuu ya wapi, baba?"

"Makuu kabisa."

Theopista akampa kibuyu cha togwa. "Basi mimi sina shida nyingine. Waseme nani aliamuru matimba yatolewe. Mume wangu alikuwa hapiti mahali kabla hajagonga dari. Leo Generosa wangu akue akiitwa mtoto wa mzembe?"

"Hilo niachie mimi," akasema Leodgar, akapokea kibuyu cha pili.

Kesho yake akamwendea Donatus, mwenyekiti wa chama pale mgodini. Huyu Donatus alikuwa pia nyapara wa shimo namba tatu. Asubuhi aliwasukuma watu kazini, jioni aliwatetea wasisukumwe, na tumbo lake lilinenepa kotekote.

"Mwenyekiti, Jumatatu hakuna mtu atakayeshuka shimoni. Na wewe hutaitwa mchochezi."

"Kwa dawa gani hiyo?"

"Dawa yangu huanza na fahali mmoja."

Wachimbaji walikuwa wamechanga wakanunua fahali wa kula siku ya mgomo. Donatus akamtoa bila kuwauliza. Mali ya wengi haiumi kuitoa.

Mchana Leodgar akapanda kilimani kwa Bwana Meneja, akamkuta amekaa kwenye baraza lake jipya, lenye nguzo nene za mti mgumu.

"Wewe nani?"

"Mtu wa amani, bwana. Jumatatu hutaona mkutano wala mgomo."

"Mimi hapana taka kelele."

"Kelele kidogo itakuwepo, bwana. Ngoma. Mtu anayecheza hagomi. Wewe toa ruhusa tu, na baiskeli ya kunifikisha kwa wenye ngoma."

Meneja akatoa vyote viwili, na furaha juu. Hapa tumpe Leodgar haki yake: ilikuwa mara yake ya kwanza kutoa ahadi mbili zinazogombana na kuzitimiza zote. Mavuno yalikuwa yameshaingia ghalani. Bagalu na Bagika, vyama viwili vya ngoma vilivyochukiana tangu enzi za mababu, vilikuwa vinatafuta uwanja wa kuaibishana, naye akavipa wa Nyamalele. Hushinda anayevuta watazamaji wengi. Msukuma anaweza kukosa harusi ya dada yake, siku hiyo haikosi.

Basi Jumatatu mgodi ukalala. Hakuna aliyeshuka, na hakuna aliyegoma. Meneja hakuwa na wa kumfukuza, kwa kuwa ruhusa aliitoa yeye.

Leodgar angeondoka alfajiri na baiskeli, angekuwa mbali. Lakini tamaa imekamata wezi wengi kuliko polisi. Alimtaka na fahali, na fahali hapandi baiskeli. Alimfunga kamba nyuma ya kiti, akawa anasukuma kidogo kidogo. Njia ilipita kando ya uwanja. Fahali aliposikia ngoma akaingia uwanjani mbio, baiskeli ikamfuata, Leodgar akaifuata baiskeli.

Umati ukampisha. Mageni, mtunzi wa nyimbo wa Bagalu, alikuwa anamngoja. Jana yake alikunywa togwa kwa Theopista, na Theopista alimwonyesha uani: fahali wa wachimbaji, baiskeli ya kampuni, mgeni mmoja. Mageni akaanzisha:

"Mgeni ana mikono miwili, ehee!
Mmoja kwenye pembe, mmoja kwenye usukani!
Pembe kakupa nani? Usukani kakupa nani?"

Bagika walitakiwa kujibu kwa matusi, ndiyo desturi. Siku hiyo wakaitikia.

Leodgar akatazama kulia: Meneja amesimama juu ya kiti. Akatazama kushoto: Donatus. Akimtaja aliyempa fahali, Meneja ataita polisi. Akimtaja aliyempa baiskeli, wachimbaji hawatangoja polisi.

"Zawadi!" akapayuka. "Ni zawadi, jamani! Fahali kwa wa kwanza, baiskeli kwa wa pili!"

Vigelegele vikapaa. Meneja akapiga makofi. Donatus akapiga makubwa zaidi.

"Na viatu je, mwanangu?" akauliza mzee mmoja.

Leodgar akainama. "Vya wa tatu, baba." Akavivua.

Watu walipokuwa bado wanacheka, Theopista akaingia katikati na kaniki yake ya msiba. Ngoma zikanyamaza zenyewe.

"Na mimi naomba zawadi," akasema. "Neno moja tu. Matimba ya shimo namba tatu, nani aliamuru yatolewe?"

Meneja akamtazama Donatus. Donatus akamtazama Meneja. Umati wote, bila kuambizana, ukainua macho kilimani, kwenye nguzo za lile baraza, nene kama matimba. Leodgar alisimama peku akitazama vidole vyake.

Mageni akalitia swali hilo kwenye ngoma palepale, na huko Nyamalele mpaka leo linaimbwa. Bagalu wanauliza, Bagika wanauliza, Generosa naye amekua, anaimba akitwanga. Mameneja wamebadilishwa, wenyeviti wamebadilishwa, na kila anayekuja huukuta wimbo bado unangoja kiitikio:

Matimba ya shimo namba tatu, ehee, nani aliamuru yatolewe?